Omba Kwanza, Ndipo Ushike

Kiharusi kilipomwangusha Sensei, yaani mwalimu, kilimwachia mikono na kumnyang'anya maneno. Laiti kingefanya kinyume chake! Mzee mwenye maneno na mikono iliyolala, yeyote anaweza kumuuguza. Lakini huyu mikono yake ilikuwa imefanya kazi mbili maisha yake yote: mchana ilishona magodoro, jioni ilipinda viwiko vya watu. Na mdomoni hakubakiwa na neno hata moja la kusema na wanawe, isipokuwa yale ya Kijapani, ya kwenye mkeka wa aikido, ule mchezo wa kujihami alioufundisha, aliyokuwa akiyatamka kila jioni tangu ujana mpaka yakamwingia mifupani.

Daktari alijaribu kumweleza binti yake. Alisema yapo maneno ambayo mtu huyajua kwa kichwa na yapo anayoyajua kwa mwili, na ya mwili huwa magumu kufa. Binti akaitikia kwa kichwa, moyoni akawaza kwamba hata ugonjwa umejua baba yake alikuwa akipenda nini zaidi.

Huyo binti mtaa mzima ulimwita Sindano. Kwanza kwa kuwa alikuwa mwembamba na ulimi wake unachoma, pili kwa kuwa ndiye aliyerithi cherehani na karakana ya magodoro pale mbele ya nyumba. Kila kitu alichokijua kuhusu sponji, turubai na uzi wa kushonea pembe alifundishwa na baba yake. Aikido hakufundishwa. Alipokuwa msichana aliomba, akaambiwa mkeka si mahali pa kuchezea, akamsaidie mama yake. Na baba huyohuyo, jamani, alimfundisha muuza nyama, akamfundisha fundi saa, akamfundisha kinyozi mmoja aliyekuwa hana hata nidhamu ya kuoga. Sindano aliyameza hayo. Hayakushuka mpaka leo.

Wodini mambo yaliharibika mapema. Mhudumu mmoja alikuja na kile kifaa cha kupimia presha, akamshika mzee kifundo cha mkono bila hata habari yako, akavuta. Mzee alikuwa amefumba macho. Hakuyafumbua. Aligeuza tu kiganja cha yule bwana kwa nje, na yule bwana akajikuta chini ya kitanda anaita mama yake. Wenyewe wodini hawakuona cha kuchekesha. Sindano alipofika na chupa ya supu alimkuta baba yake amefungwa mikono yote miwili kwenye vyuma vya kitanda kwa vipande vya shuka. Alikuwa analia. Hakuna kelele, machozi tu yanamwingia masikioni kwa kuwa hana mkono wa kuyafutia.

"Mfungueni," Sindano alisema.

"Dada, ni kwa usalama wa—"

"Nimesema mfungueni, au nifungue mimi na mkasi wangu, halafu tuonane hapa!"

Akamfungua mwenyewe. Siku hiyohiyo akamchukua nyumbani, na njiani akaapa kwa sauti, mbele ya dereva wa teksi asiyehusika, kwamba baba yake hafungwi tena maadamu yeye yuko hai.

Mdogo wake hakupenda. Huyu ni mdogo wake wa kiume, dereva wa malori, watu walimwita Gia. Hakuwa mtu mbaya, asije mtu akamfikiria vibaya. Alikuwa na wasiwasi wa mtu anayekaa mbali na kupokea habari kwa simu. Alikuja, akakaa kwenye godoro lisiloshonwa, akasema neno lake moja kwa moja.

"Dada, iko ile nyumba ya wazee. Wana manesi, wana watu wenye nguvu."

"Na wana vitambaa vya kufungia. Nimeuliza. Wanaopiga watu wanafungwa."

"Sasa wewe peke yako utamuweza? Akikuvunja wewe, nani atatushonea magodoro, nani atamlisha? Haya, mweke. Lakini akimuumiza mtu mmoja tu, dada, mmoja, anakwenda kule. Nipe neno lako."

Sindano akampa neno lake, kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa.

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Akitaka kumnyanyua baba yake kitandani, mkono wake unapindwa. Akitaka kumvua shati, anajikuta amepiga magoti. Mzee mwenyewe akishafanya hivyo anashtuka, anamtazama binti kwa macho ya mtu aliyevunja sahani ya watu, kisha anasema neno la Kijapani ambalo Sindano halijui. Sindano naye anamjibu kwa Kiswahili kikali, mzee haelewi, basi wote wawili wanakaa pale wamechoka, shati nusu lipo nusu halipo. Jirani wa duka la simu akazoea kuchungulia dirishani na kuuliza kama leo ngumi zimeanza. Sindano alimrushia kipande cha sponji.

Siku moja akaingia Bucha. Ndiye yule muuza nyama, mwanafunzi wa zamani kuliko wote, mtu mnene mwenye sauti ya upole kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Tangu Sensei alale, yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mazoezi kule kwenye ghala walilopanga. Alimkuta Sindano amemshika mzee vifundo vyote viwili, wanavutana, ametokwa na jasho.

"Dada! Mwachie! Mwachie kabisa!"

Sindano akaachia. Mzee naye akatulia hapohapo.

"Unajua umefanya nini?" Bucha aliuliza. "Hiyo ni katatedori. Kushikwa kifundo cha mkono. Ndiyo shambulio la kwanza tunalofundishwa sote. Huyu ameshikwa hivyo kila jioni tangu wewe hujazaliwa. Ukimshika hapo, mwili wake unajibu bila kumuuliza yeye."

"Sasa nimshike wapi, masikioni?"

"Mshike hapohapo. Lakini uombe kwanza."

Bucha akavua viatu, akasogea mbele ya kitanda, akainama mgongo ukiwa umenyooka, akasema taratibu, "Onegaishimasu." Mzee akainamisha kichwa, naye akajibu neno lilelile. Kisha, Sindano hakuamini macho yake, mzee akanyoosha mkono mwenyewe, akaupeleka mbele ya Bucha ushikwe. Bucha akaushika, akasema, "Mae," akavuta kidogo, na mzee akasimama.

"Hilo la kwanza maana yake nini?" Sindano aliuliza.

"Ni kama kusema, tafadhali, nakuomba tufanye kazi pamoja. Kwenye mkeka hakuna anayemgusa mwenzake kabla hajalisema. Na hilo la pili ni mbele tu, dada. Mbele."

Sindano akatoka nje kwenda kulia karibu na ndoo za maji. Alilia kwa hasira. Kwamba siku zote hizo alikuwa anamshambulia baba yake mgonjwa, na hakuna aliyemwambia.

Tangu hapo Bucha akawa anapita kila jioni akishafunga duka, anamfundisha. Mae, mbele. Ushiro, nyuma. Tenkan, geuka. Hajime, tuanze. Yame, basi, acha. Sindano aliyarudia huku anashona, mguu kwenye pedali, uzi mdomoni. Alizoea kumwambia mzee "ushiro" kabla ya kumwegemeza kwenye mto, na "tenkan" kabla ya kumgeuza atandike shuka safi. Mzee alikwenda naye, mwepesi, bila kushindana. Bucha akamfundisha na lingine, kwa kuwa mazoea hayaaminiki.

"Ikitokea amekubana, usivute. Ukivuta unajivunja mwenyewe. Piga kiganja, pa pa, kitandani, ukutani, popote. Maana yake nimeshindwa. Ataachia. Hakuna mtu wa mkekani asiyeachia akisikia hivyo."

Na ilitokea. Siku moja alisahau kuomba, akamshika ghafla asianguke bafuni, akabanwa mpaka akaona nyota. Akapiga ukuta, pa pa. Mzee akaachia papo hapo, akamwinamia. Sindano alikaa chini kwenye vigae vyenye maji, akacheka mpaka akakohoa.

Sasa sikia kitu ambacho Sindano hakumwambia mtu. Mzee alianza kumfundisha. Yeye alikuwa anataka kubadilisha shuka tu, lakini mzee akiona amesimama vibaya anamgusa goti kwa kidole, lisogee. Akimshika kwa uoga, ncha za vidole tu, mzee anatikisa kichwa, anasema, "Mo ichido." Sindano akamuuliza Bucha.

"Anasema rudia. Umemshika kiuongo uongo. Sensei hapendi. Kumshika mtu kwa ulegevu ni kumdharau, ni kama unamwambia hawezi. Ukimshika, mshike kweli."

Basi akawa anarudia. Mo ichido, mo ichido, asubuhi shuka, mchana supu, jioni bafu. Alimkasirikia baba yake maisha yake yote kwa kumnyima kitu hiki, na leo amepewa, wakati mzee hajui hata kama anayemfundisha ni mwanawe. Au anajua? Sindano alimwita baba, akamwita mzee wangu, akamtajia hata jina la utoto alilompa yeye mwenyewe. Hakujibu. Alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi mpya ambaye pengine atafaa. Iliuma, tena sana. Lakini aliikubali, maana hakuwahi kutazamwa na baba yake hata kwa jicho hilo.

Gia akapiga simu, anapita na lori, atakaa mchana mmoja, aone hali. Sindano alijua huo ni mtihani. Akafagia karakana, akamnyoa mzee ndevu, akamvalisha shati jeupe. Gia alipofika, Sindano akamwelekeza mlangoni hata kabla hajaketi.

"Usimguse kabla hujainama ukasema onegaishimasu. Kumbuka hilo tu."

"Nimwinamie baba yangu kwa Kijapani? Nyie mmerogwa humu."

"Gia!"

"Haya, haya. Nimesikia."

Hapo ndipo Sindano alipokosea, na alikuja kujilaumu kwa hilo kuliko kwa jingine lolote. Hakumwambia habari ya kupiga kiganja. Ilimfika ulimini akaimeza. Aliona kumfundisha mtu namna ya kushindwa ni kukiri kwamba mzee bado anaweza kubana. Alitaka mdogo wake aone baba aliyetulia kabisa, baba wa kukaa nyumbani.

Na kweli aliona. Sindano aliinama, akaomba, akamtembeza mzee mpaka kwenye meza, akamgeuza, akamketisha, akamlisha. Halikumwagika hata tone. Gia alitazama huku kijiko chake kimesimama hewani. Mwisho akajifuta uso kwa kiganja na kusema, "Dada, nisamehe. Nilidhani unajidanganya." Sindano aliona mzigo unamtoka mabegani. Akaanza hata kumtania kwamba ameota kitambi cha usukani.

Muda wa kuondoka ukafika. Gia alishachukua funguo, alishafika mlangoni, akageuka. Mzee alikuwa amempa mgongo, ameketi, mkono umelala juu ya paja. Kijana wa watu akashikwa na huruma. Alirudi haraka kwa nyuma, akainama, akaukamata ule mkono kwenye kifundo ili aubusu.

Sindano alikuwa anaondoa sahani. Alisikia kigoda kinaanguka.

Gia alikuwa amepiga magoti, kiganja kimegeuzwa, sura imekunjamana. Angetulia ingekwisha hapo. Lakini ni dereva wa lori, ana nguvu, na hakuna aliyemfundisha. Akavuta. Mzee akaenda naye. Akavuta zaidi.

"Usivute!" Sindano akapiga kelele. "Yame! Baba, yame! Yame!"

Mzee hakuacha. Hata hakugeuza kichwa. Jioni hiyo Bucha ndiye aliyemweleza, huku ameshika kichwa kwa mikono miwili, kwamba neno hilo mkekani hulisema mwalimu peke yake. Mwanafunzi hamwambii Sensei yame. Yeye Bucha hakuwahi kufikiria kumwonya, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakumwona mtu aliyethubutu.

Sindano alitupa sahani, akajirusha chini, akapiga sakafu kwa viganja vyote viwili. Mzee akaachia mara moja. Lakini mfupa ulikuwa umeshalia, na wote watatu waliusikia, hata mzee. Aliutazama mkono wa mwanawe unavyoning'inia, kisha akautazama wake.

Gia hakutukana. Afadhali angetukana. Alikaa ameegemea ukuta, midomo myeupe, akasema tu, "Dada, mimi naendesha kwa mkono huu." Baadaye kidogo, kabla jirani hajafika na gari la kumpeleka kwenye plasta, akaongeza, "Ulinipa neno lako."

Sindano angeweza kulivunja hilo neno. Alilifikiria, tena sana. Lakini sasa alikuwa anaogopa, si kwa ajili yake. Siku za mbele kungekuwa na mtoto wa jirani, au mteja aliyekuja kupima godoro, mtu yeyote mwenye huruma na haraka. Hakuna mlango unaoweza kubandikwa maneno ya kuwatosha watu wote. Akampigia simu mama mkuu wa nyumba ya wazee.

Kule chumba kilikuwa safi, dirisha moja, kitanda cha chuma, godoro jembamba la kiwandani ambalo Sindano alilibonyeza kwa kidole na kulidharau. Alikaa na wahudumu wawili, akawafundisha kuinama, akawafundisha neno. Wa kwanza alijitahidi. Wa pili, kijana mwenye mikono minene, alilitamka huku anamkonyeza mwenzake, akamshika mzee kabla hajalimaliza, na muda si muda alikuwa ukutani anasugua bega.

Mama mkuu akaingia. Hakuwa mkali. "Mama, wazee hapa ni wengi, na watu wangu ni hawa uliowaona. Wa namna hii tunawafunga wakati wa kuwahudumia. Kwa upole, kwa kitambaa laini. Nitaita vijana wanne."

Sindano akawaona kichwani, vijana wanne juu ya baba yake, mikono minane imeshika. Akamwona anapigana, akamwona anashindwa.

"Msiite mtu," alisema. "Nipeni hicho kitambaa."

Akavua viatu. Akasimama mbele ya baba yake, mguu mmoja mbele kidogo, magoti yamelegea, kama alivyosahihishwa. Akainama. "Onegaishimasu." Mzee akainama, akaitikia, akampa mikono yote miwili bila kuombwa mara ya pili. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Kwake ilikuwa jioni, na kazi inaanza. Sindano akasema, "Ushiro," akamlaza taratibu. Akapitisha kitambaa kwenye kifundo cha kulia, akakizungusha kwenye chuma, akafunga. Akafunga na cha kushoto. Mikono ya Sindano, iliyoshona maisha yake yote, ikawa haijui fundo. Alifunga kwa ulegevu, makusudi, kiasi kwamba mtu akitaka anatoa mkono.

Wahudumu walisimama mlangoni wakitazama. Hata yule kijana alikuwa ameacha kusugua bega.

Mzee alivuta mkono wa kulia kidogo, kwa kupima. Ukateleza ukatoka. Akautazama, akamtazama Sindano, na kwenye paji la uso wake kikatokea kile kikunjo cha mwalimu asiyeridhika. Akaurudisha mkono mwenyewe palepale penye chuma, akauweka sawa.

"Mo ichido," akasema.

"Anasemaje?" mama mkuu aliuliza.

Sindano aliutazama ule mkono uliorudi wenyewe.

"Anasema nimefunga vibaya," alisema. "Nirudie."

Akashika kitambaa, akarudia, na safari hii akakaza.